Prosesa Kubwa, Kioo Cheusi

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Nimesimama na Tumaini kwenye meza ya fundi kompyuta, Kasulu mjini. Usicheke nikikuita mwanangu na ndevu zangu hizi tatu. Majuto yanazeesha upesi.

Tumaini alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, mtoto wa mwalimu aliyeletwa huku kutoka kusini. Kompyuta yetu ya gemu tulikuwa tumeiokoteza kipande kwa kipande, imebaki prosesa tu, yaani ubongo wake. Na baba yake ameshapata uhamisho. Jumamosi wanarudi Lindi.

Fundi akatuwekea mbili. "Hii ndogo ina picha humo humo ndani. Nikiifunga tu, mnacheza. Hii kubwa ni jitu, ila kipofu. Bila kadi ya picha, kioo cheusi."

"Ndogo," Tumaini akasema. "Tupige hata mechi moja kabla sijaondoka."

"Acha ushamba!" nikamwambia. "Na jitu hili tutacheza mpaka majirani wahame."

Wanasema mchagua jembe si mkulima. Mimi niliona nachagua trekta! Tukabeba jitu, kadi nikasema nitaipata wiki hiyo hiyo. Shangazi yangu, muuza ndizi, aliposikia akashika kiuno kwa mshangao. "Yemwe! Mgeni ana njaa leo, wewe ndiyo kwanza unapanda muhogo?"

Nikacheka. Jumamosi basi likaondoka na Tumaini, hatujacheza hata mechi moja.

Kadi nilikuja kuipata muhogo umeshang'olewa. Sasa gemu linateleza kama mlenda, nyasi za uwanjani unaziona moja moja. Pedi ya pili ya kuchezea, ile ya Tumaini, bado iko kwenye nailoni. Nikifunga goli nageuka nimzomee mtu, nakuta ukuta. Akinipigia simu anauliza, "Jitu linasemaje?" Namjibu, "Linakusalimia."

Sikiliza basi, mwanangu. Prosesa usichague kwa ukubwa wa jina. Uliza gemu gani unacheza. Uliza inatoa picha yenyewe au inataka kadi, na hiyo kadi unayo au unaiota. Halafu mwangalie aliyekaa pembeni yako. Kama ana safari, chukua ndogo, mcheze. Prosesa utaibadilisha baadaye; mtu habadilishwi.

Mungu akupe mashine inayowaka siku hiyo hiyo, na akuachie karibu mtu wa kukucheka ukifungwa.