Bi Icilda na Gavana wa Kabatini

Bi Icilda Pinnock hakuweza kumwacha mtu akwame katikati ya sentensi. Siku ya kumzika mumewe, mchungaji alisita kidogo baada ya "marehemu alipenda sana…", na mjane, uso ndani ya leso, akamnong'oneza: "Ramu."

Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Miaka thelathini na mmoja alijibanza nyuma ya pazia la ukumbi wetu wa maigizo hapa Kingston, Jamaika, kitabu magotini, akiwakumbusha waigizaji maneno. Kila Januari walicheza komedia ileile ya Kiingereza, iliyoletwa na meli enzi za utumwa: mzee mwenye wivu, mke kijana, kabati lililofungwa. Mzee huuliza ndani mna nini. Kitabuni, mtumishi hujibu, "Paka." Kwetu, tangu zama za mababu, mtumishi hujibu, "Gavana, bwana. Anasubiri chai." Bi Icilda alikuwa ameliandika jibu hilo pembeni mwa kitabu kwa penseli, pamoja na mengine arobaini ya aina hiyo.

Miaka michache kabla ya uhuru, Bwana Hadleigh akaletwa kutoka London kuongoza mchezo. Alizifuta nyongeza zote, akasema mwigizaji wa kweli hahitaji kunong'onezwa, akamuaga Bi Icilda kwa kopo la biskuti. Mama wa watu alitaka kiti chake tu. Alinunua tiketi, akaketi na mama yangu, akaapa kutofungua mdomo mpaka Hadleigh aje kumwomba arudi.

Waigizaji walikwama palepale kwenye swali la kabati. Lindo, aliyecheza mtumishi, alimwona Gavana mwenyewe mstari wa mbele, na paka akamtoka kichwani. Akamkodolea macho Bi Icilda.

Mama akampiga kiwiko. "Msaidie, dada. Atakufa pale."

"Afe. Biskuti nitazipeleka matangani."

Kisha kutoka juu, kwenye viti vya bei rahisi, watu wakajibu kwa sauti moja kwamba ni Gavana, anasubiri chai. Gavana alicheka mpaka akafuta macho. Mchezo ukaendelea hivyo hadi mwisho, ukumbi ukijaza mapengo. Hadleigh hakuja kumwomba Bi Icilda arudi, wala mwaka uliofuata hakuna mwingine aliyekuja.

Miaka mingi baadaye, Bi Icilda alipokuwa mgonjwa, nilimuuliza kama alijutia kunyamaza usiku ule.

"Ukumbi mzima waliyajua maneno, mwanangu," alisema. "Mjinga alikuwa Lindo peke yake, na ndiye tuliyekuwa tukimlipa."