Siku Mchungaji Aliponawa kwa Bomba Langu

Jamani, aibu hii ningeweza kuificha kama ingenikuta kwetu Isingiro, maana kwetu ningekana mchana kweupe, ningesema ni fundi mwingine tunafanana, lakini ilinikuta Nyakasimbi, ukweni, mbele ya mchungaji na kamati ya ujenzi ya kanisa na mama mkwe ambaye kwa miaka kumi na minne tulikuwa hatujatazamana usoni, kwa hiyo nakubali, ni mimi, ila naomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo mcheke.

Ufundi bomba nilianza kujifunza nikiwa na miaka arobaini na moja. Kabla ya hapo niliendesha bodaboda njia ya Murongo mpaka mgongo ukakataa, nikalima vanila ikakataa yenyewe, nikafungua kibanda cha kunyoa nywele nikamkata sikio mtu mmoja mwenye cheo kijijini (kidogo tu, lakini sikio ni sikio). Baba mkwe wangu, mzee Elizeus, ni mzee wa kanisa na si mtu wa maneno mengi, lakini siku moja aliulizwa mbele za watu mkwe wake anafanya kazi gani, akafikiri, akajibu, "Mkwe wangu hana kazi. Ana majaribio." Mke wangu Jeniva alilia siku ile. Mimi sikulia, niliendelea kula, ila ndizi zile sikuzimaliza.

Basi nikaenda kujifunza kwa fundi Deusi, kijana wa miaka ishirini na sita. Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo mzee," naitikia marahaba, halafu hapohapo ananituma spana. Ilinichoma, sitawaficha, lakini nilivumilia miezi minne, na katika miezi hiyo alinikaririsha maneno mawili tu kama katekisimu: kabla hujafunga bomba ujue ndani ya tanki kuna nini, na usiondoke hujafungulia maji mbele ya mwenye nyumba. Nilimwitikia, "Sawa fundi," huku moyoni nikisema haya nayo ni ya kumfundisha mtu mwenye watoto watatu?

Mwezi wa nne ukiisha, baba mkwe akaniita. Mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara, na baada ya ibada mchungaji na kamati nzima wangekuja kula kwake. Akataka sinki la kunawia mikono pale uani, lenye bomba, watu waachane na habari ya jagi na beseni. "Kanisa linajenga hosteli ya wanafunzi," akaniambia, "ina mabafu kumi na mawili na fundi hajapatikana. Jumapili watanawa kwa bomba lako. Wakinawa vizuri nitasimama nikutaje. Wasiponawa vizuri, sitasimama." Jeniva akanisindikiza mpaka njiani, akanishika mkono, akasema, "Baba Koku, nimekuombea kazi hii kwa magoti. Tafadhali."

Jumamosi asubuhi nikafika na begi la vifaa. Jeniva alikuwa ameenda sokoni, baba mkwe yuko kwenye kikao cha kamati, nyumbani kabaki mama mkwe peke yake jikoni. Sasa wale mliooa huku kwetu mnajua. Mama mkwe humtazami, hukai naye, mkikutana kwenye kijia cha kibanja cha migomba yeye anajitanda khanga anapita kulia na wewe unatazama migomba ya kushoto kana kwamba umeitiwa hiyo. Vijana wa mjini wameacha, wanapiga nao picha, lakini mama mkwe wangu ni wa zamani na mimi nilitaka nionekane mkwe mwenye adabu, maana sifa nyingine sikuwa nazo. Nikakohoa kwa mbali, nikasema shikamoo nikiwa nimeugeukia ukuta wa choo, nikaitikiwa marahaba kutoka jikoni, tukamaliza.

Tanki la maji ya mvua liko pembe ya mbele ya nyumba. Nikapima kwa hatua mpaka uani kwenye sinki, ambalo mzee alishalijengea, nikapata mita ishirini. Mimi nilikuja na bomba la mita tisa. Hapo mtu mwenye akili angepanda pikipiki akaenda mjini Kayanga kuongeza bomba, lakini nikageuka nikaona nyuma ya jiko kuna tanki jingine, jeusi, jipya, limewekwa juu ya mawe kama vile wameniwekea mimi. Nikapima: mita nane na nusu. Nikaligonga, limejaa. Nikasema kumbe mzee amenunua maji ya sherehe, Mungu hamtupi mja wake. (Nilikuwa na mafua wiki hiyo, nasema mapema kwa sababu kila ninapofika hapa kuna mtu anauliza, "Kwani pua ulikuwa umeiacha wapi?" Na hata bila mafua, mji mzima ulinukia ndizi mbivu, walikuwa wamekamua juisi ya wageni tangu Alhamisi.)

Nikafunga. Koki yangu nikaizungushia tepu ya kuzuia kuvuja raundi mbili. Deusi huzungusha kumi na tano, mimi huwa namwona ana uoga. Nikang'oa kizibo cha tanki, nikaichomeka koki upesi ikiwa imefungwa, yaliyonirukia nikayadhani vumbi la tanki jipya, nikatandaza bomba, nikalifukia, nikalifikisha kwenye sinki. Nilikuwa nimebakiza kufungulia tu nione maji, ndipo mama mkwe akatoka jikoni.

Nikageuka haraka nikaangalia mbali. Nikamsikia anaongea, lakini si na mimi, hawezi kuongea na mimi, alikuwa anauambia mgomba uliokuwa karibu naye: "Wewe mgomba, mwambie huyo mtu..." Mimi niliposikia tu naongelewa, heshima ikanishika, nikaanza kuondoka. Yeye akaona nazidi kuwa mbali akapaza sauti. Mimi nikaona amepaza sauti, nikasema nimemkaribia mno, nikaongeza mwendo. Mpaka nakuja kusimama nilikuwa nimevuka kibanja chao nimeingia cha jirani, na mkononi bado nina spana. Nilipochungulia nikaona ameketi pale kwenye tanki anachambua maharage, amelifunika tanki kwa majani ya migomba, na hakunyanyuka mpaka jioni. Sasa ningerudije kufungulia koki iliyo hatua mbili kutoka kwenye magoti ya mama mkwe? Nikasema haina shida, nitafungulia kesho. Nikaenda zangu kulala kwa shemeji yangu, usingizi mzuri kabisa.

Kesho yake, Jumapili, ibada ikaisha, wageni wakaja, suti zimenyooshwa, mjukuu anameta, ndizi zimeiva na nyama iko tayari. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa peke yao kivulini upande wa jikoni, wametulia mno, wana vikombe vitupu mikononi, na mimi sikujiuliza vikombe vile vinasubiri nini. Nikapenyeza mkono chini ya majani, nikafungua koki ya tanki, nikaenda kusimama kando ya sinki na shati jeupe. Baba mkwe akamleta mchungaji mwenyewe, nyuma yao kamati yote kwa foleni. "Mchungaji," akasema, "tunaanza kunawa kisasa. Kazi ya mkwe wangu hii." Jamani, miaka kumi na minne nilikuwa sijasikia akisema mkwe wangu halafu sentensi ikaisha vizuri. Nilitaka nimkumbatie.

Mchungaji akavua saa, akakunja mikono ya shati, akafungua. Bomba likakohoa. Likatoa upepo, likatoa povu, halafu likatulia likaanza kumwaga kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Mchungaji akaendelea kunawa kidogo, kwa uungwana, kisha akaacha, akanusa vidole. Akamtazama baba mkwe. Baba mkwe akanitazama mimi. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mnene mpole, akakinga kiganja, akaonja, akasema taratibu, "Mtama umekaangwa vizuri."

Ilikuwa rubisi. Pombe ya ndizi na mtama, tanki zima. (Najua mnawaza harusi gani ya kwenye Biblia, na Nyakasimbi yote imeshanitajia, msirudie.) Nilikuja kuelezwa baadaye: mzee wa kanisa alikuwa ametangaza hadharani kwamba sherehe yake ni ya juisi tu, lakini wazee wa ukoo hawaji kwa juisi, na ukiacha rubisi kwenye mtumbwi wake, lile gogo la kukamulia, kibanjani mchungaji akipita ataiona, kwa hiyo ikaonekana itiwe kwenye tanki, maana tanki nani analishuku? Kila mtu wa nyumba ile alijua. Na ule mgomba ulijua, ulikuwa umeambiwa kwa sauti kubwa: mwambie huyo mtu tanki hilo si la maji. Mama mkwe aliponiona nimeondoka mbio alidhani nimeelewa na nitahamisha bomba, akaridhika, ndiyo maana hakumwambia mtu mwingine.

Nikakimbilia kufunga bomba la sinki. Nikalizungusha kwa nguvu zote, kishikio kikang'oka nikabaki nacho mkononi, rubisi inaendelea kumwagikia viatu vya kamati. Nikasema basi nikafunge kule kwenye tanki. Nikakimbia, nikapiga magoti, nikaivuta ile koki, na zile raundi zangu mbili za tepu zikaachia. Koki ikatoka yote. Majani yakaanguka, tanki likaonekana na watu wote, na rubisi ikanipiga kifuani kwa kishindo, shati jeupe likawa si jeupe. Wale wazee wa ukoo waliotulia tangu asubuhi wakasimama wote kwa pamoja.

Hapo ndipo nikasikia sauti juu ya kichwa changu, si kwa mgomba, si kwa ukuta, kwangu mimi: "Wewe! Ziba kwa mkono!" Nikainua uso. Mama mkwe. Khanga imemtoka kichwani, ana sufuria mkononi, ananitazama usoni wazi. Kitu cha ajabu, anafanana na Jeniva sana. Nikasema, "Ndiyo mama," nikaziba tundu kwa kiganja.

Na kiganja hicho hakikutoka pale. Kizibo nilikitupa jana yake, koki hairudi, nikitoa mkono inamwagika, kwa hiyo nilipiga magoti nyuma ya jiko muda wote wa sala ya chakula na hotuba ya mchungaji, huku mzee mmoja mmoja anakuja na kikombe, ananigusa bega, nalegeza kidole kimoja, kinajaa, nabana. Wananiambia ahsante fundi. Jeniva alipita mara moja, akasimama, akanifuta uso kwa pindo la khanga, akaenda. Heri angenitukana.

Kisha nikasikia baba mkwe anasimama kuongea. Sikumwona, nilikuwa nimetazamana na tanki, nikamsikia tu. Akawashukuru wageni, akampongeza mjukuu. "Ndugu zangu wa kamati," akasema, "leo nilikuwa na jina la kuwatajia. Jina hilo kwa sasa limeshika tanki." Watu wakaangua kicheko. Nikafumba macho, nikasema mabafu kumi na mawili hayo, yamekwenda. Kicheko kilipotulia akaendelea, sauti imebadilika: "Lakini pombe ni yangu. Niliificha mimi, nikawadanganya, na mchungaji naomba unisamehe. Yeye alichokosea ni bomba." Hakuna aliyecheka tena. Mimi nikalia palepale, bila kujifuta, maana mkono mmoja ulikuwa na kazi na mwingine ulikuwa unanata.

Hosteli alipewa Deusi. Alipokuja kuniambia alisema shikamoo kwanza, akaniuliza tepu nilizungusha raundi ngapi, nikamjibu, akainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa, kisha akasema, "Kesho njoo saa moja, utabeba mabomba." Nimebeba mabomba ya mabafu yote kumi na mawili, jamani, na wanafunzi wananiita Fundi Rubisi. Bafu la kumi na mbili aliniachia nifunge mwenyewe. Halivuji.

Baada ya hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kurudi Nyakasimbi kulifunga upya lile sinki. Nikaenda na bomba la mita ishirini na tano na tepu boksi zima. Mimi na mama mkwe tulisharudi kwenye utaratibu wetu, yeye jikoni na mimi nimetazama migomba. Lakini sikugusa kitu. Nilisimama mbele ya ule mgomba nikasema kwa sauti, "Wewe mgomba, niulizie mama, tanki la mbele lina nini?"

Jikoni nikasikia kama mtu anazuia kicheko.

"Mgomba," akajibu, "mwambie mwanangu ni maji. Na mwambie aonje kwanza."

Nikaonja. Na mpaka leo, hata nikiitwa nyumba ya nani, sifungi bomba kabla sijaonja.