Volti Alizozipunguza Fundi Lupakisyo

Watu wa Mikumi humsifu Lupakisyo kwa uvumilivu, ingawa wapo wanaosema ule si uvumilivu, ni woga uliopigwa pasi. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu, pale malori yanapopunguza mwendo, na humo anatengeneza simu, redio na kompyuta. Alitoka Tukuyu akiwa kijana. Sasa ana miaka arobaini na moja, hana mke, na anajipikia ugali mzuri kuliko wa majirani wanaomcheka.

Kazi anayoipenda kuliko zote ni kusukuma prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kompyuta hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa kasi yake, na fundi anayejua anaweza kuipandisha kupita hapo. Lakini kasi ikipanda, prosesa inadai umeme zaidi. Ukiipa volti pungufu, inaganda katikati ya kazi. Ukizidisha, inachemka, na siku moja inaungua. Kati ya hayo mawili ipo namba inayofaa, na kila prosesa ina yake, huwezi kuazima ya jirani. Zamani Lupakisyo alipandisha kwa pupa akaunguza kompyuta yake ya kwanza, akabaki ananusa moshi. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kupanda kidogo, kupima kwa saa sita, kuandika, halafu kupanda kidogo tena. Kwa prosesa, huo ni utaratibu mzuri sana. Tatizo ni kwamba aliishi hivyo hata pasipo na prosesa.

Editha alikuja mwezi wa saba, kutoka Kilosa, amepakata kompyuta iliyofungwa kwenye kitenge. Alikuwa na studio ndogo ya video: harusi, kipaimara, misiba. Mashine yake ilikuwa kuukuu, kukamilisha video ya harusi moja kuliichukua kutwa nzima. Mwenzake wa Ruhembe ndiye aliyemwelekeza kwa Lupakisyo.

"Habari za kazi, fundi. Nimeambiwa unaweza kuifanya hii ikimbie."

"Itakimbia, dada. Ila umeme wake tutautafuta taratibu. Utakaa sana."

"Nitakaa."

Akakaa kweli. Lupakisyo alipandisha kasi, akaweka volti moja nukta mbili tano, akawasha programu ya kuichosha prosesa. Baada ya dakika kumi ikaganda. Akaongeza kidogo, ikaganda tena. Editha alivuta kigoda karibu, akatoa daftari, akawa anaandika kila namba na kuuliza kila namba maana yake. Mchana alitoka bila kuagizwa, akarudi na chipsi mayai sahani mbili. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu amuulize Lupakisyo kama amekula. Jioni walifika moja nukta mbili saba, mashine ikatulia, Editha akawahi gari la kurudi. Fundi alifagia kibanda chote isipokuwa pale penye kile kigoda.

Mwezi wa nane simu ikaja. Mashine ilikuwa inaganda. Kosa lilikuwa la fundi, ingawa halikuwa la makusudi: alipima feni ikipuliza na mlango ukiwa wazi, kumbe studio ya Editha ni chumba kidogo chini ya bati, na joto la Kilosa mnalijua. Prosesa ikipata joto, umeme uliotosha jana hautoshi leo.

Basi safari ya pili alizima feni, akafunga mlango na dirisha, wakakaa humo wakitokwa jasho. Nje, Yassin muuza matairi aliwatangazia wapita njia kwamba fundi leo kajifungia na mgeni.

"Umesikia wanavyosema?" Editha aliuliza, akijipepea na daftari.

"Nitawakataza."

"Kwani nimekwambia uwakataze?"

Hapo mwanamume mwingine angegeuza kiti. Lupakisyo aligeukia skrini akasoma nyuzi za joto. Alitaka kusema, na maneno alikuwa nayo. Ila alijiambia kwamba akizidisha mapema ataharibu, na huyu akiungua hapati mwingine. Afadhali aje tena, na tena, amzoee.

Saa sita zikatimia kwenye moja nukta tatu sifuri. Mashine haikutikisika. Hiyo ndiyo namba yake, na Lupakisyo aliijua bila shaka yoyote. Editha alikuwa anakunja kitenge. Fundi akaingia kwenye mipangilio mara ya mwisho, akaishusha hadi moja nukta mbili nane, akahifadhi, akazima. Namba hiyo ingevumilia wiki mbili, labda tatu, kisha ingeganda, na Editha angerudi.

Lilikuwa jambo baya, na hata yeye alijua. Kwa siku nyingi alilala vibaya akifikiria harusi ya mtu ikikatika katikati ya kiapo. Mara tatu alishika simu ili amwambie ukweli, mara tatu akairudisha mfukoni. Zaidi ya aibu alimtamani Editha, sauti yake, daftari lake, na namna alivyosema nitakaa. Kila gari la Kilosa lilipopiga honi alitoka mlangoni huku akijifanya anakung'uta brashi.

Mwezi wa kumi Editha akapiga.

"Fundi, nakuja Alhamisi."

Hakusema zaidi, na Lupakisyo hakuuliza. Alhamisi alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani. Editha alipofika, akaiweka mashine mezani, akakaa kwenye kigoda chake, safari hii bila daftari. Fundi aliwasha, akafungua mipangilio tayari kuongeza zile volti alizoziiba.

Palisomeka moja nukta tatu sifuri.

Aliitazama ile namba mpaka macho yakamuuma.

"Niliirudisha siku ileile nilipofika nyumbani," Editha alisema. "Niliona ulivyoishusha. Namba zote si ninazo?"

"Haijaganda?"

"Hata mara moja."

"Sasa mbona… mbona hukunipigia ukanigombeza?"

"Nilikuwa nangoja upige wewe, uniambie kwa nini." Siku zote alimwita fundi, leo akamwita kwa jina. "Lupakisyo, kuna mwalimu anaitwa Bonifas, ameleta barua ya posa kwa baba, kule Rudewa. Baba anajibu Jumapili. Mimi nimepanda gari na mashine nzima, inayofanya kazi, nimekuja kukaa hapa. Nikusaidie nini tena?"

Malori yalipita. Lupakisyo alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, ambayo hata mtoto angeimudu. Aliipandisha hadi kooni. Akauona ule moshi wa zamani, akakisikia na kicheko cha Yassin, akaona afadhali ajipange kwanza. Akawasha programu ya kupima. Wakakaa nusu saa, prosesa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote.

"Iko imara," alisema hatimaye.

"Basi sawa," Editha alisema, akafunga kitenge.

Alimsindikiza hadi kituoni akiwa amembebea mashine. Gari lilipoondoka alibaki na mikono imekaa vilevile, kama bado ameipakata.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Joha, anayeuza vitenge Mikumi na Kilosa, alileta flashi. Simu yake ilikuwa haiisomi, akaomba ahamishiwe video ya harusi aliyoalikwa. Lupakisyo aliifungua ili kuhakikisha, akamwona Editha kwenye shela. Alikuwa ameitengeneza video ya harusi yake kwa mkono wake, maana maandishi ya mwanzo yalikuwa ya studio yake.

Joha alisema angerudi saa kumi. Lupakisyo alifunga mlango, akakaa kwenye kigoda, akaitazama saa mbili zote. Hakuwa anaangalia mavazi wala keki. Alitafuta mahali picha iliporuka, sauti ilipokatika, mkwaruzo mdogo tu kwenye kona, apate sababu ya kumpigia na kumwambia ailete mashine. Alirudisha nyuma sehemu ya kiapo mara nne, sekunde kwa sekunde.

Haikukwama popote.