Dawa Aliyokunywa Bilali

Katika soko la Tshopo, aliyetaka lumba-lumba, yale majani yanayonukia ya kutilia samaki wa liboke anayechomwa akiwa amefungwa kwa majani, alielekezwa kwa Fatouma. Na mdomo alikuwa nao! "Inaondoa gaz ya tumbo," aliwaambia wateja, "inafungula kifua, inarudisha hamu ya kula." Wala hakuwa mwongo, nusu ya mtaa ilitibu mafua kwa mvuke wa majani yake. Mumewe Bilali, seremala, alimtania kwamba ameoa duka la dawa.

Basi Bilali akashikwa na homa. Fatouma akamchemshia lumba-lumba, akamnywesha, akamfukiza. Jasho likamtoka, akaomba hata samaki. Kesho yake homa ikarudi na mtetemeko, na Fatouma hakukawia: akampakia kwenye pikipiki hadi kituo cha afya.

Kituoni vifaa vya kupimia malaria vilikuwa vimekwisha. Muuguzi, Micheline, akauliza, "Papa huyu alikunywa dawa ya malaria?"

"Ndiyo, mama. Alikunywa yote."

Kwa Fatouma dawa ni dawa, iwe ya sufuria au ya duka. Kwa Micheline ni vidonge, na aliyemaliza vidonge haongezewi ovyo.

"Bon, kama aliisha kunywa, tumungoje docteur."

Wakangoja. Daktari alipofika alasiri, Bilali alikuwa hamjui tena mkewe.

"Alikunywa comprimé gani?"

"Comprimé? Vidonge? Hapana, docteur. Nilimupatia lumba-lumba."

Micheline akashika kichwa. Wakamtundikia dripu mbiombio, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Bilali alikata roho dripu haijaisha.

Msibani wengine walimlaumu muuguzi, wengine majani. Fatouma aliulaumu ulimi wake, ulioshinda ukiyasifu majani kwa soko zima, ukashindwa kuyataja mbele ya mtu mmoja aliyepaswa kuyajua. Uchungu huo haukumtoka.

Alirudi sokoni, maana tumbo halina matanga. Siku moja akaja mama mmoja mbiombio. "Bwana yangu iko na homa. Unipatie ile dawa."

Fatouma akavuta fungu lake nyuma. "Hii ni ya samaki na kifua, mama. Umupeleke kwa docteur sasa hivi. Wakikuuliza alikunywa nini, taja kila kitu na jina lake."

Yule mama akaondoka akikimbia. Fatouma akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa wivu: mwenzake bado alikuwa na mume wa kumpeleka.