Haongei Mbele ya Wageni

Juzi, kwenye benchi la kliniki hapa Tukuyu, nilikaa karibu na mama mmoja muuza vitenge. Tangu biashara iwe huria, yeye na Tunduma kule mpakani, Tunduma na yeye. Mwanawe wa miaka mitatu kamwachia mama yake mzazi kule Masukulu. Siku hiyo yeye na bibi wamemleta apimwe, maana mama anasema mtoto hasemi.

"Anajua maneno mangapi?" nesi aliuliza.

"Hata moja," mama alijibu.

Bibi akakohoa. "Anafukuza kuku. Anaomba chai. Jana kanigombeza nimechelewa kutoka shambani."

Mama akamgeukia taratibu. "Mbona mimi haniambii kitu?"

Nesi akampa mama ndizi amwonyeshe mtoto.

"Hii nini, baba?" mama aliuliza.

Mtoto alimtazama kwa adabu, kisha akajificha kwenye kanga ya bibi.

"Utamsamehe, nesi," bibi alisema. "Haongei mbele ya wageni."

Wivu wa wake wenza nimeuona sana. Wa binti kwa mama yake mzazi, ule ulikuwa wa kwanza. Mama aliirudisha ndizi mezani, akajifunga kitenge upya.

"Nesi, nipangie siku nyingine," alisema. "Nitamleta mwenyewe, bila bibi."