Mama Mwisho na Bwana wa Koti la Zambarau

Saa nane mchana, nje jua linachoma lami, lakini ndani ya ukumbi namba mbili ni giza. Majina ya waliotengeneza filamu yanapanda polepole kwenye skrini, na hakuna anayeyasoma. Hakuna anayeondoka pia. Karibu na mlango wa pembeni amesimama mwanamke mwenye sare ya kijani, ufagio mkono huu, kizoleo mkono ule, akiwatazama watazamaji kama mwenye nyumba anayengoja wageni waage.

"Hawa hawatoki leo wala kesho," ananong'ona. "Wanangoja kionjo chao. Na mimi nangoja nao, nitafanyaje?"

Kionjo ni kipande kifupi kinachowekwa baada ya majina, cha kumtia mtazamaji hamu ya filamu itakayofuata. Majina yanaisha, skrini inawaka tena. Mwanamume mwenye koti refu la zambarau anatembea peke yake juu ya daraja lililovunjika, anasimama, anageuka, anatabasamu. Ukumbi mzima unapiga kelele. Mama wa ufagio naye anacheka hadi jino la mwisho.

"Umemwona?" anamwambia mwandishi wa makala haya, akimgusa kwa kiwiko. "Huyo ndiye mwenyewe. Ijumaa anashinda."

Taa zinawaka, watu wanatoka, naye anainama kuanza kazi.

Hapa wanamwita Mama Mwisho. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ameona mwisho wa kila filamu ya mfululizo huu, na mwanzo hajauona hata mmoja.

Kusema kweli, mwandishi hakuja kumtafuta yeye. Mhariri alitaka makala kuhusu uzuri na udhaifu wa Kikosi cha Alfajiri, filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu ambazo zimeendelea kwa miaka kumi na minne, na ambazo Ijumaa hii zinafika ya kumi na moja, ya mwisho kabisa. Wiki hii filamu ya kumi imerudishwa ili watu wajikumbushe. Kazi ilikuwa kusimama mlangoni na kuwauliza watazamaji. Lakini watazamaji wote walisema ni kali, ni moto, basi. Mwenye la kusema alikuwa anafagia.

"Mimi simuulizi mtu kama filamu ni nzuri," anasema. "Naangalia sakafu. Filamu ikiwa tamu, mtu anausahau mkono wake. Bisi zinamwagika, soda inaachwa nusu. Ile ya nne, mwanangu, nilizoa bisi mpaka kiuno kikagoma! Ya saba? Sakafu safi. Walikula kila kitu, wakalamba na chumvi. Ukiona mtu kamaliza bisi zake, jua amechoka."

Nadharia tamu, ingawa ina tundu. Meneja wa ukumbi alicheka alipoisikia, akaeleza kwamba wiki ya filamu ya saba mashine ya bisi ilikuwa mbovu. Mama Mwisho alipoambiwa hakutetereka.

"Basi hata mashine iliona mambo yenyewe hayana maana," alisema.

Meneja mwenyewe anaupenda mfululizo huu na kuulaumu kwa pumzi moja. Anasema bila Kikosi cha Alfajiri, jengo hili leo lingekuwa ghala la magodoro. Ila filamu yao ikifika, nyingine zote zinafukuzwa kwenye kumbi zote tatu, hata zile nzuri ambazo hazina mtu wa kuzitetea. "Ni mgeni anayeleta zawadi nyingi," anasema, "halafu analala kwenye kitanda chako."

Kwa nini Mama Mwisho hajawahi kukaa akatazama filamu nzima? Jibu ni jepesi. Filamu inapoendelea ukumbi namba mbili, yeye anasafisha namba moja, au vyoo, au ngazi. Mfanyakazi wa zamu haruhusiwi kukalia kiti cha mteja. Tiketi moja ni ujira wake wa siku mbili, na siku ya mapumziko anafua nguo za watu. Baba watoto ni mlinzi wa usiku, kwa hiyo nyumbani kwao mchana watu wanatembea kwa ncha za vidole.

Filamu nyingine hazijawahi kumpa hata mwisho, maana majina yakianza tu watu wanakimbilia mlangoni. Hii ndiyo pekee inayowaweka vitini, naye akawekwa pamoja nao.

Filamu ya kwanza ilipotoka, kitinda mimba wake alikuwa na miaka miwili. Mtoto alipoanza kuongea, swali lake la kila jioni likawa moja: "Mama, leo umeona nini?" Mama alikuwa ameona kipande cha dakika moja. Angemwambiaje mtoto kwamba hadithi ni hiyo tu? Akachukua kidogo alichokiona, akakivuta, akakikanda, kikatosha kuwalaza watoto wote.

"Kionjo cha kwanza kabisa nakikumbuka," anasimulia, na macho yake yanawaka. "Mji umebomoka. Watu wote wamekwenda zao. Anakuja huyu bwana wa koti la zambarau, peke yake, anainama, anaokota kofia ya chuma iliyopasuka. Anaifuta kwa mkono wa koti lake. Anatabasamu. Nikasema, huyu ni mtu! Anayekuja kuokota vilivyovunjika wakati wengine wameshaenda kula, huyo si ndugu yangu?"

Katika kionjo cha tatu, Bwana Koti alifungua milango ya gereza na kuwatoa wafungwa. Mama Mwisho alilia kwa furaha. Katika cha tano alikaa kwenye meza ndefu yenye viti vitupu. "Masikini, amepika, wageni hawajaja," alimwambia binti yake usiku ule, na wote wawili wakamhurumia.

Mwandishi, ambaye ameona filamu zote kumi tena kwa hela yake, alikaribia kupaliwa na chai.

Kwa msomaji asiyeujua mfululizo huu, ukweli ni huu. Bwana wa koti la zambarau ndiye adui mkuu. Kofia aliiokota ili atengeneze silaha. Wafungwa walikuwa wauaji, na viti vilikuwa vitupu kwa sababu waliovikalia amewawekea sumu. Vionjo vinamwonyesha yeye kila mara kwa kuwa ndiye balaa linalofuata.

"Na Kapteni Alfajiri je?" mwandishi aliuliza kwa sauti ya kupapasa. Huyo ndiye shujaa mwenyewe, yuko kwenye mabango yote, hata ukutani nyuma ya Mama Mwisho.

"Yule wa nguo za kubana? Simjui vizuri. Nikiingia huwa ameshaondoka."

Habari njema ilikuwa kwamba meneja amempa kila mfanyakazi tiketi mbili za Ijumaa, kama asante ya miaka yote. Mama Mwisho alikuwa ameshapiga pasi gauni lake la kwendea harusi za watu. Alihesabu siku kama mtoto. Alitaka kumwona Bwana Koti akipata haki yake mbele ya ulimwengu, na binti yake awe pembeni yake.

Binti, yule kitinda mimba, sasa ana miaka kumi na sita, na ni mchambuzi wa kutisha. Alikuwa amemfuata mama yake kazini, akamvuta mwandishi kando, karibu na mashine ya bisi.

"Kaka mwandishi, tafadhali usimwambie."

"Kwani wewe unajua?"

"Tangu darasa la tatu. Nilimtetea Bwana Koti darasani, wakanicheka mpaka nikalia. Rafiki yangu akanionyesha filamu kwenye simu ya dada yake. Nikarudi nyumbani nimekasirika, nataka kumwambia. Nikamkuta anakunja nguo, akaanza, 'Njoo nikwambie alichofanya Bwana Koti.' Nikakaa nikasikiliza." Alitazama viatu vyake. "Ya kwake ilikuwa nzuri kuliko ile."

Alipoulizwa udhaifu wa mfululizo alimwaga bila kuvuta pumzi. Kila filamu lazima mji ubomoke, na hakuna anayeujenga. Mashujaa wakifa wanafufuka, sasa mtu alie ya nini? Ukikosa moja, ya pili huielewi, umekuwa mtumwa. Na uzuri? Hapo uso ulilainika. Alisema hawamsahau mtu mdogo, na muuza maua wa filamu ya pili alirudi katika ya tisa akiwa na mjukuu. Na alipenda kwamba ukumbi mzima, watu wasiojuana, wanakaa gizani pamoja wakingoja kitu kidogo.

"Ijumaa Bwana Koti atauawa mbele ya mama," alisema. "Kila mtu anajua. Nifanye nini?"

Mwandishi alifunga daftari lake.

Ijumaa mchana ukumbi namba mbili umefurika. Mama Mwisho amekaa safu ya kati, gauni la bluu, bisi mapajani. Anageuka kutazama mlango wa pembeni, ambako leo amesimama mwenzake wa zamu, dada mrefu anayependa kuimba akifagia. Wanapungiana mikono. "Kumbe viti ni laini hivi!" anamwambia binti yake, na safu mbili zinasikia.

Filamu inaanza. Kwa mara ya kwanza maishani anaona mwanzo, na kinywa kinabaki wazi.

Bwana Koti anaingia. Mama Mwisho anapiga makofi, peke yake. Kisha Bwana Koti anauchoma mji.

"Haiwezekani," anasema kwa sauti. Mtu anamwambia sh! Anamgeukia binti yake. "Amelazimishwa huyo."

Vijana wa mbele wanaangua kicheko. Binti anamshika mkono mama yake na hauachii tena. Mauaji yanaendelea, uongo unafichuka, na kofia ya chuma inaonekana ilivyogeuzwa silaha. Kapteni Alfajiri anaposhusha pigo la mwisho, ukumbi wote unasimama kushangilia. Yeye amekaa, na bisi zake zote ziko sakafuni.

Majina yanapanda. Hakuna anayeondoka. Watu mia kadhaa wanangoja, kama walivyongoja miaka kumi na minne. Majina yanaisha, skrini inakuwa nyeusi, na taa zinawaka.

Hakuna kionjo. Wameamua kumaliza kweli. Ukumbi unaguna, mtu anapiga mluzi, wengine bado hawaamini na wamekaa.

"Mama," binti anasema, machozi yanamtoka. "Nilijua. Siku nyingi. Nisamehe."

Mama Mwisho anamgeukia.

"Na ukaniacha nibwabwaje miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa napenda."

Mama anatikisa kichwa, kisha kicheko kinamtoka tumboni, kicheko kikubwa kinachomtikisa binti na viti vya jirani. Ameumia, hafichi. Anajifuta macho kwa upindo wa gauni.

"Likizo yangu inakuja," anasema. "Meneja atanifungulia ukumbi asubuhi, nimeshamwomba. Nitaanza ile ya kwanza, na wewe pembeni, mpaka hii. Nataka kuona ni wapi walimharibu. Hakuna anayezaliwa na koti lile."

"Sawa, mama. Lakini leo hakuna kionjo."

"Nani kakwambia hakuna?"

Anajiweka sawa kwenye kiti, anamsogeza binti karibu kama alipokuwa mdogo.

"Vita vimekwisha," anaanza. "Mashujaa wameshakwenda kula. Mji wote vumbi. Sasa anakuja mama mmoja na ufagio wake. Anafagia, anafagia, anafika kwenye kifusi, anaona ncha ya koti la zambarau. Na ile ncha, mwanangu, inacheza."

Vijana wa safu ya mbele wamegeuka wote. Mmoja aliyekuwa ameshasimama anakaa tena. "Ikawaje?" anauliza.

Mlangoni dada mrefu ameegemea ufagio, kizoleo mkononi, na hamharakishi mtu.