Kidole cha Mwisho

Filamu ile ya Kifaransa mjukuu wangu aliileta Jumapili moja baada ya ibada, kwenye ghorofa letu la Weston, huku Kanada. Mimi niliachia darasa la tatu; maandishi ya chini siyawezi, lakini Kifaransa cha kwetu Kongo nakisikia. Siku hiyo sikuhitaji mkalimani.

"Mke mwenzangu," akanichokoza kwa utani wa mjukuu na bibi, bakuli la karanga limekaa juu ya tumbo lake la miezi saba, "usilale kabla vita havijaisha."

"Vita? Vyangu mwenyewe sikuvilalia."

Ilikuwa habari ya familia moja ya Ufaransa: bibi, mama, binti, na vita vimepita katikati yao. Watu wakikimbia, mtoto mmoja anapotea barabarani. Baadaye wanaoana, wanazaa, wanakula vizuri, na hakuna anayemtaja. Picha yake iko ukutani, wanaipangusa vumbi tu.

Mjukuu wangu akaisimamisha, wale Wafaransa wakabaki midomo wazi.

"Koko," akaniita bibi yake, "hesabu watoto wako."

Nikacheka. Kanisani wakisahau nani ni wa nani, huniuliza mimi. Majina ya kijiji kizima ninayo, hata ya mbuzi. Nikahesabu kwa vidole, kama nilivyowafundisha wajukuu wote: gumba, mama yake yeye, kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Basi.

"Na hiki?" Akakigusa kidole changu cha mwisho. "Tangu niko mtoto unakikunja. Nilifikiri kinauma."

Hata kwenye karatasi za kuja Kanada niliandikisha wanne. Wa tano mkono wake ulinitoka njiani, katika msukumano, tukikimbilia ziwani. Niliogopa nikimtaja wataniuliza nani alimwachilia.

"Kinauma," nikasema.

Hakunibana. Alikishika tu, akitazama ukuta wetu usio na picha. Nikamwonea wivu yule mama wa filamu. Yeye ana cha kupangusa. Nikakinyoosha kidole, nikalitaja jina. Akaniomba nirudie. Nikarudia mpaka akalisema sawasawa.

Filamu hatukuimaliza.

Baada ya miezi miwili akazaliwa msichana, akapewa jina hilo. Wiki nzima nilimwita "mgeni", wakanicheka. Siku moja namwogesha, akateleza kidogo mkononi mwangu, nikamdaka, na jina likanitoka kwa nguvu. Akaangua kilio. Nikamwita tena, polepole, nimemshika.